Siku Mabira Nzima Ilipopiga Simu

Kwanza tuelewane: sijawahi kupanda mnara. Kila nikisema nilifanya kazi kampuni ya simu, nyie vijana mnaniangalia miguu, mnajiuliza mwanamke mnene kama huyu alifikaje kule juu. Jamani, mimi hata ngazi ya kuchumia parachichi lazima nishikiwe. Nilikuwa muuzaji. Nilizunguka Karagwe na Kyerwa kwa pikipiki, begi la laini na vocha begani, mpaka watoto wakiniona kwa mbali wanakimbilia ndani wakipiga kelele, "Mama Vocha huyo!" Jina langu ni Adelina, lakini ukiliulizia Isingiro au Mabira hakuna atakayekuonyesha kwangu.

Kampuni yenyewe siitaji. Ilishakufa, na marehemu hasemwi vibaya.

Na nyie mnaonunua bando mkiwa mmelala, nafikiri hata vocha hamzijui. Ilikuwa kadi ndogo yenye namba zilizofunikwa kwa rangi ya fedha. Unakwangua kwa ukucha, unaingiza namba kwenye simu, unapata salio. Ukikwangua kwa pupa unafuta na namba yenyewe, halafu unamfuata Mama Vocha umrushie maneno. Nimetukanwa kwa Kiswahili, kwa Kinyambo na kwa Kihaya, na nawaambia Kihaya ndicho kinachouma zaidi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kamugisha, meneja wa ofisi yetu ya Kayanga, mtu wa Ndama. Alikuwa mfupi, shati limenyooshwa hata siku ya tope, na akicheka ungedhani anakohoa. Siku yangu ya kwanza alinipeleka gulioni Isingiro akasema haya, uza. Nikapanda juu ya kreti la soda nikahutubia: mtandao wetu una nguvu, gharama zetu nafuu, huduma zetu bora. Watu walinisikiliza vizuri sana. Wakapiga makofi, wakaenda kununua dagaa. Sikuuza hata laini moja.

Kamugisha akakohoa kicheko chake, akamwendea mzee mmoja aliyekuwa anauza mikeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Una mtoto wapi?"

"Yuko Geita, machimboni."

"Mara ya mwisho kumsikia ilikuwa lini?"

Mzee wa watu akaangalia mikeka yake. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti akatoa noti iliyokunjwakunjwa. Kamugisha akamwekea laini kwenye simu yake, akaniambia bila kugeuka, "Adelina, ukiuza laini utalala njaa. Uza mtu aliye upande wa pili."

Hilo lishikeni, hata kama kwenu ni kuuza viatu mtandaoni. Na lingine: bibi kizee usimwonyeshe simu inavyotumika, mpe mkononi abonyeze mwenyewe, hata kama atakosea. Kuna bibi wa Ndama alikosea namba nikimfundisha, akampata fundi baiskeli wa Ngara asiyemjua hata kwa ndoto. Waliongea habari za mvua na mahindi mpaka salio likaisha. Kesho yake bibi akaja kununua vocha nyingine, anataka kujua kama yule fundi alishapona kikohozi.

Kabla mnara wa Mabira haujajengwa, kazi ilikuwa ya vichekesho. Simu za watu kule zilikuwa zinavuta mtandao wa ng'ambo ya mto. Jamaa mmoja alikuja ofisini Kayanga amevimba kwa hasira. "Nimelala kitandani kwangu, mke wangu shahidi, simu inanikaribisha nchi ya watu! Uhamiaji wakinikamata nitasema nini?" Nikamwambia ageuze kitanda, kichwa kiwe upande wa huku. Kumbe alikigeuza kweli, na siku ya pili akaniletea mkungu wa ndizi. Mpaka leo sijui kama kilichomsaidia ni kitanda au ni bahati tu.

Mnara ulipojengwa, ulisimama kilimani pembeni ya kibanja cha Bibi Kemilembe, mjane mwenye migomba iliyotunzwa kuliko ya mtu yeyote kule Mabira. Nilimpenda yule bibi. Hukupita kwake bila kutafuna kahawa, na hukuondoka bila kusikia habari za Koku, binti yake aliyeolewa Mwanza.

Basi kampuni ikaanza kuchechemea. Mishahara inachelewa, mafuta ya jenereta tunakopa, mabango yetu barabarani yanapauka hakuna wa kuyabadilisha. Tukasikia kuna matajiri wanataka kuinunua, ila hawajakubaliana ina thamani gani. Huyu anasema bado ni mali, yule anasema ni mzigo. Sisi wa chini tukawa kama mbuzi gulioni, anasikia bei yake inatajwa na hana neno la kuchangia.

Balaa letu likawa Mabira. Vocha kule nilikuwa nauza vizuri tu, tena mwezi hadi mwezi. Lakini makao makuu waliona jambo: vocha zinanunuliwa, haziingizwi kwenye simu. Zinakwenda wapi? Mtu wa mjini ana jibu moja tu la swali hilo. Siku moja Kamugisha alipigiwa simu, akasikiliza, akaiweka mezani polepole.

"Wanasema wateja wa Mabira ni hewa," akaniambia. "Eti nanunua vocha mwenyewe ili nifikishe lengo. Wanunuzi wanakuja Jumanne kujionea. Wasipoona watu, mnara unazimwa, na mimi natoka kazini na jina la mwizi."

Alikuwa amebakiza muda mfupi tu astaafu. Mtu anayesoma Neno kanisani, watu wanamwachia watoto wao na funguo zao, leo arudi Ndama anaitwa mwizi. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda kunywa. Wateja wa hewa! Mimi ndiye niliyewauzia, nikawashika mikono, nikala ndizi zao. Lakini zile vocha zilikuwa zinaishia wapi, naapa sikujua. Nilichojua ni kwamba watu wa kule ni mabingwa wa kubipu: simu inaita mara moja, wanakata, wanasubiri wapigiwe.

"Wakiwakuta watu wanaongea na simu, wataamini," nikamwambia mzee.

"Utawaambia waongee?"

"Nitawaomba wachache tu."

Akakohoa, safari hii bila kucheka. "Wachache, Adelina."

Jumapili nikaenda Mabira kusali. Nikamnong'oneza mzee wa kanisa, Mzee Rutta, kwamba Jumanne kama saa nne, wawili watatu wakipiga simu si vibaya. Ulipofika wakati wa matangazo, Mzee Rutta akasimama, akapangusa miwani.

"Ndugu zangu. Jumanne wageni wanakuja kuuangalia mnara wetu, kama wanavyokuja kumwangalia binti. Saa nne kila mwenye simu apige. Asiye na simu aazime. Tusiaibike!"

Kanisa likaitikia amina. Nikainamisha kichwa kama nasali, na kweli nilikuwa nasali. Halafu, kwa upendo wake, akatuma mtu kwa Wakatoliki ili nao wasijione wametengwa.

Nyie wa huku mnajua mambo ya posa yalivyo. Wageni wakija kwa jirani kumwangalia binti, wewe unatoa viti vyako, unatoa mkungu wako, na kama una ng'ombe aliyenona anakwenda kushinda kwenye kibanja cha jirani siku hiyo. Hakuna anayeita hiyo uongo. Ni ujirani.

Jumanne ikafika na wageni wakafika. Walikuwa wawili. Bwana Zuberi, mwembamba, mstaarabu, macho yake hayakubali kitu kirahisi. Na Mama Tunu, mtu mzima wa umri wangu, anacheka kabla hujamaliza sentensi. Walikuwa wanataka kuweka pesa pamoja, na toka tunaondoka Kayanga walikuwa wanabishana. Kamugisha amekaa mbele na dereva, mimi nyuma nimebanwa katikati yao.

"Hapa unanunua vyuma, jenereta na madeni," anasema Zuberi.

"Unahesabu minara, unaacha watu," anasema Mama Tunu.

"Watu gani? Hawa ambao vocha zao haziingii popote?"

"Tukafike kwanza, Zuberi."

"Tutafika. Ukinunua ng'ombe unaangalia maziwa, huangalii pembe."

Wananirushia maneno juu ya kichwa kama vile mimi ni mto wa kiti. Nikaangalia shingo ya Kamugisha pale mbele. Kola ya shati lake safi ilikuwa imelowa jasho.

Tulifika kwa Bibi Kemilembe saa nne. Bibi hakuonekana, lakini kikapu cha kahawa ya kutafuna kilikuwa mezani nje, kimeandaliwa. Nikawakaribisha. Mama Tunu akatafuna. Zuberi akazimeza nzima nzima na maji, kama dawa ya malaria. Kisha akatoa simu yake yenye laini yetu.

"Tuujaribu huu mtandao."

Akapiga, haikuingia. Akarudia, ikagoma. Mama Tunu naye akajaribu, wapi! Kamugisha akauangalia mnara, akaniangalia mimi. Mnara wetu ulikuwa mdogo, kama mlango wa banda la kuku, wanapita wachache kwa wakati mmoja na wengine wanasubiri.

"Si unaona, Tunu?" Zuberi akasema. "Hata kupiga haupigi. Huu ni marehemu aliyesimama."

Hapo ndipo tukaanza kusikia. Kutoka migombani, upande wa kushoto: "Haloo!" Upande wa kulia: "Haloo! Unanisikia?" Bondeni mtu anaita jina la mtoto kama amepotea msituni. Kibanja kizima kinaongea. Na Bibi Kemilembe huyo anatoka kwenye migomba, simu ameinyanyua juu, uso unang'aa.

"Mama Vocha! Tumepiga, waitu! Kanisa zima tumepiga!"

Laiti ardhi ingepasuka nikaingia na begi langu.

Zuberi akageuka taratibu. "Shikamoo bibi. Mmepiga? Nani kawaambia mpige?"

"Marahaba. Tumetangaziwa kanisani."

"Na mmelipwa kiasi gani?"

Bibi akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Kulipwa! Kijana, wewe kwenu wageni wakija jirani anadai ujira? Nimekwangua vocha yangu mwenyewe. Vocha yangu ya msiba."

"Vocha ya nini?" akauliza Zuberi, na mimi nikauliza naye, kwa pamoja.

"Ya msiba," bibi akasema, kama anayeeleza kwamba maji yanalowesha. "Inakaa nyuma ya picha ya Yesu. Siku mtu akifa ndiyo unakwangua, unawaita watoto. Siku nyingine nabipu, wanapiga wao. Nani atamaliza vocha kuulizana mmeamkaje?"

Majirani walikuwa wameshajaa uani. Mmoja akasema yake inakaa kwenye Biblia. Mwingine anayo ya msiba na nyingine ya mgonjwa, maana si vizuri kuchanganya. Ikipita muda wake, wananunua mpya. Mama Tunu akaushika mkono wa bibi, akageuza kidole gumba. Kwenye ukucha kulikuwa na unga wa rangi ya fedha. Akaangalia mikono ya wengine. Kila gumba lilikuwa hivyo hivyo.

Kumbe! Miaka yote ile nilidhani nawauzia mazungumzo. Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, nikaishia kupenga kamasi.

"Wateja wa hewa," Kamugisha akasema taratibu. Hakumwangalia Zuberi.

Zuberi naye hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja. "Sawa, wapo," akasema. "Lakini mteja anayenunua vocha akaificha akiomba Mungu asije akaitumia, biashara yake ni ipi?" Nawaambia ukweli, ni swali zuri.

Mama Tunu alikuwa bado amemshika bibi mkono. "Na umempigia nani, bibi?"

"Koku wangu, Mwanza. Nimesema, 'Koku, mwanangu, ni mama,' ikakatika. Toka hapo haiingii."

Wengine nao wakaitikia. Yangu imekatika. Yangu pia. Mimi nimesema jina tu, ikakatika.

Ilinichukua muda mfupi kuelewa. Fikirini wenyewe. Mama yako hajawahi kukupigia maishani, anabipu tu. Unajua vocha yake ni ya nini. Leo asubuhi anapiga, anataja jina lako, simu inakatika. Ukimpigia hapatikani. Unawapigia ndugu, hawapatikani. Mwanza, Geita, Bukoba, Dar, watoto wote wa Mabira walikuwa wanapiga kwa wakati mmoja, na mnara wetu maskini umeshonana kabisa.

Kamugisha alielewa sawia na mimi. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Adelina," akasema, "tumekiua kijiji kizima."

Nilijaribu kutuma ujumbe, haukutoka siku nzima. Na ili mambo yawe mambo, mvua ikashuka, mvua yetu ile isiyouliza, na gari likazama kwenye tope mpaka milangoni. Wageni wakalala kwenye nyumba ya parokia. Bibi aliwapelekea ndizi na maharage, na sufuria ya senene wa kukaanga. Zuberi aliwaangalia wale senene, senene wakamwangalia, akaanza mmoja kwa adabu. Nikaambiwa alimaliza sufuria.

Kesho yake, gari likiwa linasukumwa, bodaboda zikaanza kuingia. Moja, halafu nyingine, halafu msururu. Juu yake watu wamefunga khanga viunoni, wanawake wamefunga vichwa, wamebeba mabegi na vifuko vya mchele na sukari vya kusaidia msiba. Kila bodaboda inaishia kwenye uwanja wake, na kutoka kila uwanja unasikia kilio kinaanza, kinakatika ghafla, kisha makelele ya kugombezana, kisha vicheko.

Koku alifika tukiwa tumesimama barabarani kwa mama yake. Alianza kulia kabla pikipiki haijasimama. Akashuka, akateleza, akainuka na tope, akakimbia uani huku anaita, "Mama! Mama wee!" Na mama yake amekaa mlangoni anamenya ndizi, kisu mkononi.

Koku akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanangu," bibi akasema. "Ni wageni wa simu tu."

Binti akakaa palepale kwenye tope. Akacheka, akalia, akamgombeza mama yake kwa Kinyambo, maneno ambayo sitawatafsiria wageni. Alikuwa hajakanyaga Mabira toka alipoolewa. Bibi akamwacha amalize. Kisha akaweka kisu chini, akaenda akapiga magoti kwenye lile tope, akamshika uso. Jamani, niliangalia pembeni. Kamugisha alitoa leso. Mama Tunu alikuwa analia waziwazi bila hata kujifuta.

Zuberi alikuwa amesimama kwenye tope, viatu vyake vimekwisha. Hatimaye akamgeukia Kamugisha. "Mzee, nilikudhania mwizi. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe," Kamugisha akasema. "Uwaambie na makao makuu hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo."

Msifikiri kwamba ubishi uliisha. Walibishana njia nzima ya kurudi Kayanga. Mama Tunu anasema watu hawa wana wa kumpigia, wanachokosa ni bei ya kupiga bila kufiwa. Zuberi anasema vizuri, basi tuinunue kwa bei ya vyuma kisha tuwape hiyo bei. Na ndivyo walivyofanya. Waliinunua rahisi mno, yule Zuberi alikuwa nyoka kwenye bei, lakini mnara wa Mabira haukuzimwa, na kupiga simu kukawa nafuu hata mjane akamudu. Kamugisha alistaafu kwa sherehe, akachinjiwa mbuzi, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa mpaka na wale wasiokunywa. Baadaye kampuni ikauzwa tena, ikabadilishwa jina, ikamezwa. Hayo ni mambo yao.

Ila Mabira kukabaki jambo moja. Watu walianza kupiga simu kwa watoto wao, lakini watoto walikuwa na woga, simu ya nyumbani ikiita mtu anamwaga chai. Kwa hiyo ikawa desturi: mzazi akipiga, kabla ya salamu, kabla ya haloo, anasema kwanza, "Hakuna aliyekufa." Ndipo mnaamkiana. Ilishuka Isingiro, ikafika mpaka kwetu Ndama. Hata Kamugisha na mimi, tulipokuwa tumeshastaafu wote, tukipigiana ilikuwa hivyo hivyo. "Hakuna aliyekufa, Adelina." "Haya mzee, shikamoo." Halafu tunasengenya mitandao yenu mpaka betri inakwisha.

Nyie bando mnazo, mpaka mnazitumia kuangalia paka wanacheza. Wapigieni wazazi siku ambazo hakuna kitu. Ndiyo thamani yote ya ile biashara, na wale wawili waliitafuta kwa gari siku nzima.

Mwaka huu, asubuhi moja nachambua maharage, simu ikaita. Ni binti yake Kamugisha. Nikapokea, nikasubiri yale maneno.

"Shikamoo, mama Adelina," akasema.

Nikaweka ungo chini.